Kutembea Si Kuzurura

Mazungumzo haya yalitolewa na mwuguzi mmoja kwa wanafunzi wa klabu ya afya katika shule ya sekondari ya pwani. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyofuata.

 

Katibu wenu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya afya ya mwanafunzi wakati wa kujiandaa na mitihani. Najua mnategemea nini. Lala mapema, kunywa maji, usikeshe na kahawa. Hayo ni kweli, lakini mmeshayasikia mpaka masikio yamechoka. Leo nataka nizungumze juu ya kutembea. Siyo kutembea kwenda dukani wala kuchota maji. Kutembea tu, huku unatazama.

Naona wengine mnacheka. Mnayo haki. Kwetu kijana anayetembea bila kutumwa ana jina lake, anaitwa mzururaji. Akiwa wa kike jina lenyewe huwa baya zaidi. Mama akuulize, "Ulikuwa wapi?" umjibu, "Nilikwenda kutazama ndege." Mh! Utakiona cha mtema kuni.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo hayo. Kisha nikaenda kufanya kazi ya uuguzi miaka kadhaa katika jiji la Hull, mashariki ya Uingereza. Nikakuta wauguzi wenzangu, watu wazima na akili zao, siku ya mapumziko wanapanda treni na darubini shingoni kwenda kutazama ndege. Wengine wazee wa miaka sabini. Nikajisemea, hawa hawana kazi za nyumbani? Mpaka siku moja mwezi wa Mei, baada ya zamu za usiku mfululizo, wakanichukua. Tulikwenda Bempton, na baadaye nilirudi huko kila mwaka.

Bempton ni kijiji kidogo cha Yorkshire. Ukishuka kituoni unatembea kama nusu saa katikati ya mashamba. Ardhi ni tambarare, na bahari huioni kabisa. Pua ndiyo inayokwambia kwanza, maana harufu ya kinyesi cha ndege inakufikia kabla hujaona unyoya. Halafu makelele, kama soko siku ya gulio. Halafu nchi inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu, na chini yako, mita 100 hivi, ni maji. Ukuta wote ni mweupe, maana ni mwamba wa chaki. Sisi wa pwani ukuta wa namna hiyo tunauita genge la bahari, msichanganye na genge la nyanya na vitunguu.

Sasa kule kwao mwaka una majira manne, na mwezi wa Aprili na Mei ni majira ya machipuko. Baridi inaanza kulegea, siku zinarefuka, majani na maua yanatoka kwa pamoja kama yaliyopigiwa kengele. Ndipo ndege wa baharini wanapojaa kwenye ukuta ule kutaga. Wanakadiriwa kufika nusu milioni. Miezi mingi ya mwaka wanaishi baharini, hawakanyagi nchi kavu. Wanakuja pale kwa sababu moja tu, kuzaa, kwa kuwa mbweha na paka hawawezi kupanda ukuta ule.

Mkubwa kuliko wote anaitwa ganeti. Ni mweupe, ncha za mabawa nyeusi, kichwa cha njano kama samli. Akitandaza mabawa anafika mita 1.8, yaani kumzidi kwa urefu mwalimu wenu wa hesabu. Anapomwona samaki anaweza kujirusha kutoka mita 30 juu, mabawa yamekunjwa nyuma, akaingia majini kwa mwendo unaokaribia kilometa 100 kwa saa. Mbona shingo haivunjiki? Chini ya ngozi ya uso na kifua ana vifuko vya hewa vinavyopunguza kishindo, mfano wa ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye gari likigonga. Huyo ana ndugu zake huku kwetu. Katika kisiwa kidogo cha Latham, wavuvi hukiita Fungu Kizimkazi, wanazaliana ndege wa ukoo wake. Hatuendi kuwatazama, ndiyo maana hatuna habari nao.

Yuko pafini, ambaye kila mgeni anataka kumwona kwa ajili ya mdomo wake wa rangi rangi. Msimu wa kuzaa ukiisha yale magamba ya rangi humbanduka, akabaki wa kawaida tu. Yuko shakwe mdogo aitwaye kitiweki, jina lake ndilo analolia mchana kutwa.

Lakini aliyeniteka mimi ni gilimoti. Huyu hajengi kiota. Anataga yai moja juu ya shubaka la mwamba mtupu, jembamba kama dirisha, na jirani yake amembana bega kwa bega. Yai lake limechongoka upande mmoja kama pea. Zamani tulifundishwa kwamba umbo hilo hulifanya lizunguke mahali pamoja lisiviringike na kuanguka. Siku hizi mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Tim Birkhead, amelipinga hilo. Kwa maoni yake umbo lile hulifanya yai litulie vizuri kwenye mteremko. Na kila yai lina madoa na rangi ya peke yake, hivyo mzazi hulitambua la kwake katika msongamano ule. Kifaranga akifika wiki tatu hivi, kabla hajaweza kuruka, anajitupa kutoka juu ya genge mpaka baharini. Huko chini baba yake anamsubiri. Ni baba, siyo mama, anayeondoka naye kuogelea na kumlisha kwa wiki kadhaa. Wavulana, mmesikia?

Sasa mtasema mwuguzi ametuacha, anasimulia hadithi za ndege. La. Nilipokuwa namtazama gilimoti mmoja anavyolipanga yai lake miguuni, nilishtuka kuona nusu saa imepita na sijaiwaza wodi hata mara moja. Wagonjwa wangu, makosa ninayoogopa kuyafanya, barua kutoka nyumbani, vyote vilikuwa vimekaa kando. Ninyi mnaijua hali ya kulala kitandani akili inasaga jambo lile lile. Nikifeli je? Ada je? Yule amesema nini juu yangu? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90. Nusu walipita penye nyasi na miti, nusu kandokando ya barabara yenye magari. Waliopita penye miti walipunguza kule kusaga mawazo. Wa barabarani hawakupata nafuu hiyo. Watu 38 ni wachache, nakiri. Lakini mwaka 2022 chuo cha King's cha London kilitoa utafiti wa watu zaidi ya 1,200 walioulizwa hali zao kwa simu mara kadhaa kwa siku. Waliposema wanaona au wanasikia ndege, walisema pia wana nafuu ya moyo, na nafuu ilidumu saa kadhaa. Hata waliokuwa na ugonjwa wa sonona walionekana hivyo.

Msinielewe vibaya hapo. Sijasema sonona inatibiwa na shakwe. Mwenzako akiwa hali, halali, amejitenga, anasema afadhali afe, usimpeleke kutembea ukadhani umemaliza. Mpeleke kwa mwalimu unayemwamini, na kituo cha afya, siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye macho. Wangapi humu ndani mnakunja uso kusoma ubaoni? Naiona mikono. Huko Guangzhou, Uchina, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, wenzao wakaachwa na ratiba ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, wale wa ratiba ya kawaida asilimia 39.5 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Wale wa nje walikuwa asilimia 30.4. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Ninyi mmeshakua kuliko wale, na aliyekwisha kuhitaji miwani avae miwani yake bila kuona haya. Ila wadogo zenu nyumbani bado wana nafasi, watoeni nje.

Na mwili mzima je? Shirika la Afya Duniani linasema kijana wa umri wenu anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kwamba vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani, asilimia 81 hawafikii hapo. Wasichana ni asilimia 85. Sishangai, maana msichana ndiye anayeambiwa atulie.

Nirudi Bempton, kwa maana maua sijayasema. Kando ya njia ya juu ya genge, mwezi wa Mei, kuna maua ya waridi yenye petali tano, kila petali imepasuka katikati. Ganeti wanayapenda. Wanayang'oa na kuyaweka kiotani, na unaweza kumwona dume anatua na shada mdomoni kama bwana harusi. Na katika magenge mengi ya Uingereza, karibu na chumvi ya bahari, kuna mmea mfupi wenye majani manene na maua meupe madogo. Usingeutupia jicho. Jina lake la Kiingereza maana yake ni jani la kiseyeye.

Kiseyeye mnakijua? Ufizi unavimba na kutoa damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafumuka, mtu anakufa. Kiliwamaliza mabaharia wa safari ndefu maelfu kwa maelfu, kwa sababu walikula nyama ya chumvi na biskuti ngumu miezi mingi bila mboga wala tunda. Ndiyo maana walikuwa wakitafuna majani yale, machungu kama nini, yenye vitamini C, bila kujua vitamini ni kitu gani. Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wengine siki, wengine maji ya bahari. Jozi moja ilipewa machungwa na malimau, na hao ndio waliopata nafuu ndani ya siku chache. Hata hivyo jeshi la maji la Uingereza lilisubiri mpaka mwaka 1795 kuanza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau. Karibu miaka hamsini! Ninyi hamna haja ya kutafuna majani machungu. Pera la kawaida lina vitamini C kama mara nne ya chungwa la uzito ule ule, na mapera yanaoza chini ya miti huku tunanunua soda.

Magenge yale nayo yalikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa ulikuwa ni binadamu. Katika karne ya 19 watu walikuja kwa meli za starehe wakawapiga ndege risasi kwa mchezo tu, wakati wa kulea vifaranga. Mabawa ya kitiweki yalipelekwa kupambia kofia za mabibi. Walioanza kupiga kelele ni watu wa palepale, akiwemo kasisi wa Bridlington, Henry Barnes-Lawrence. Hoja yao mojawapo ilikuwa ya uhai wa watu. Ukungu ukifunga, mabaharia hujua genge liko karibu kwa kusikia vilio vya ndege, na ndege wakiisha meli zitagonga mwamba. Mwaka 1869 Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda ndege wa baharini. Kuteremka kwa kamba kuokota mayai kuliendelea mpaka mwaka 1954 kulipotoka sheria nyingine.

Mwaka 2022 likaja jingine, mafua ya ndege, aina ya H5N1. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu katika pwani za Uingereza na Scotland. Mizoga ilisukumwa ufukweni na mawimbi. Katika kisiwa cha Bass Rock, Scotland, ambacho kilikuwa na ganeti wengi kuliko mahali pengine popote duniani, viota vilivyokuwa na ndege vilipungua kwa maelfu mengi. Macho ya ganeti kwa kawaida ni ya buluu hafifu sana. Watafiti waligundua kwamba baadhi ya waliougua wakapona, macho yao yamegeuka meusi. Kwa hiyo mtu mwenye darubini anaweza kumtambua aliyenusurika.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamekufa. Wengi walishika kuku wagonjwa au waliokufa. Binadamu haambukizwi kirahisi, ila anayeambukizwa anaweza kuugua vibaya mno. Kwa hiyo ukikuta ndege amekufa ufukweni, au kuku wa nyumbani wanakufa wengi kwa ghafla, usimshike, usimnyonyoe, usimpe mbwa. Mkataze na mdogo wako. Toa taarifa kwa bwana mifugo au kwa mwenyekiti wa mtaa. Najua kuna nyumba ambazo kuku akianza kuzubaa anakimbiziwa kisu ili asipotee bure. Jamani, tuache.

Na sisi huku, wakati wa machipuko ya wenzetu, tuna nini? Tuna kuondoka kwao. Mnamjua sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayedonoa kaa maji yakikupwa? Huyo hazai hapa. Anazaa mbali kaskazini, na ifikapo Aprili wengi wao wanaondoka. Mbayuwayu wanaokaa kwenye nyaya za umeme nao wanakwenda kaskazini. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alifungwa pete ndogo mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini. Ndivyo watu walivyoanza kuamini kwamba kandege kazito kama barua kanavuka Afrika nzima. Mwezi huu wa Machi bado wapo juu ya nyaya zetu. Wakati wa Masika wataondoka, na ule mtambaazi wa mchangani wenye maua ya zambarau utashamiri. Mdiria yeye habanduki.

Nimalize niwape nafasi ya maswali.

Mwanafunzi: Dada, sisi darubini tutapata wapi?

Huihitaji. Chagua ndege mmoja, keti, mtazame dakika kumi bila kuhama. Anakula nini? Anamfukuza nani? Anatembea au anarukaruka? Andika kwenye daftari. Simu iache mfukoni, kwa sababu ukianza kumpiga picha unaishia kutazama kioo.

Mwanafunzi: Je, huko kwenye magenge hakuna hatari?

Ipo. Chaki ya Bempton humeguka, ndiyo maana kuna uzio na majukwaa ya kutazamia, na watu wameanguka katika magenge ya Uingereza kwa kutaka picha nzuri. Matumbawe yetu yana ujanja mwingine. Mawimbi yameyala kwa chini, hivyo ukisimama ukingoni unaweza kuwa umesimama juu ya ulimi mtupu. Kaa mbali na ukingo hatua tano au zaidi, usikae chini ya genge, na ujue maji yanajaa saa ngapi. Viatu vivae.

Mwanafunzi: Mimi ni msichana. Nyumbani hawataniruhusu, hata nikiwaeleza haya yote.

Hilo ndilo swali lililonileta. Sitakwambia utoroke. Mzazi anayeogopa ana sababu zake, na asubuhi ufukweni pana watu wa kila namna. Usiende peke yako. Nendeni watatu wanne, mseme mnapita wapi na mnarudi saa ngapi, na mrudi saa hiyo hiyo hata kama ndege mzuri ndiyo kwanza anatua. Mara mbili tatu mkitimiza, mama naye ataanza kulegea. Na mchukueni. Akina mama wengi hawajatembea bila mzigo kichwani tangu waolewe.

Ila njia fupi zaidi ni klabu hii iwe na matembezi yake, kwa ratiba na kwa barua ya shule, na mwalimu wa kike akiwemo. Mkuu wa Shule, nakuona unatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au ni hapana. Jumamosi alfajiri maji yatakuwa yamekupwa. Saa kumi na mbili na nusu mimi nitakuwa getini.